Saa iliyosimama haijafa

Katika nyumba nyingi kuna saa moja isiyotembea. Ilikuwa ya babu, au ya mjomba aliyerudi nayo kutoka Uarabuni, na tangu siku iliyosimama imelala kwenye droo, imeviringishwa kitambaa, pamoja na risiti za kale na picha za pasipoti. Ukiuliza habari zake utaambiwa imekufa.

Mara nyingi saa hiyo inasingiziwa. Kama ni saa ya kutia ufunguo, au ile inayojijaza yenyewe kwa mwendo wa mkono, huenda hakuna hata kipande kimoja kilichovunjika ndani yake. Mafuta yamekauka yakawa ulimbo, vumbi limenasa kwenye ulimbo, na magurudumu yameshindwa kuzunguka. Duniani kote wapo watu ambao riziki yao inatoka kwenye kazi nyingine kabisa, lakini jioni hukaa mezani na lenzi jichoni wakizifungua saa za namna hiyo, wakizisafisha na kuzitia mafuta mpaka zitembee. Faida ya fedha ni ndogo, kwa kuwa saa nyingi wanazozifufua hazina bei ya maana sokoni. Wanachokipenda ni ile sekunde gurudumu la mizani linapoanza kupwita lenyewe bila kusukumwa na mtu.

Ili kuielewa sekunde hiyo, inafaa kuchungulia ndani ya kasha. Saa ya kimakanika haina betri wala saketi. Nguvu yake yote imo kwenye kamani, utepe wa chuma uliokunjwa ndani ya kipipa kidogo. Unapozungusha kifundo cha pembeni unaikaza kamani. Nayo, ikitaka kukunjuka, inazungusha kipipa, kipipa kinasukuma gurudumu la meno, gurudumu hilo linasukuma jingine. Ingeachiwa hivi hivi ingekunjuka yote mara moja, na akrabu zingezunguka kama pangaboi. Kwa hiyo mwisho wa msafara wa magurudumu pamewekwa bawabu: kiuma kidogo chenye ncha mbili za yakuti, kinacholizuia gurudumu la mwisho, kikaliachia lipite jino moja, kisha kikalizuia tena. Ile tiki-tiki unayoisikia ukiiweka saa sikioni ni mlango wa bawabu huyo ukifungwa na kufunguliwa.

Anayempa bawabu amri ni gurudumu la mizani, pete ndogo inayozunguka kwenda na kurudi, ikirudishwa kila mara na kamani ya pili iliyo nyembamba kama unywele. Mholanzi Christiaan Huygens aliitangaza saa yenye kamani hiyo ya unywele mwaka 1675, na Mwingereza Robert Hooke akalalamika kwamba wazo lilikuwa lake kwanza. Kabla ya hapo saa nyingi za mfukoni hazikuwa hata na akrabu ya dakika, maana hazikuaminika kiasi hicho.

Hebu tazama hesabu yake. Katika saa nyingi za zamani gurudumu la mizani hupiga mapigo 5 kwa sekunde, yaani 18,000 kwa saa moja na 432,000 kwa siku. Moyo wa mtu mzima hupiga kiasi cha mara 100,000 kwa siku. Siku moja ina sekunde 86,400, kwa hiyo saa inayokosea sekunde 10 kwa siku imekosea chini ya sehemu moja kati ya 8,000. Hayo yanafanywa na kipande cha chuma na kamani, bila umeme, juu ya mkono unaolima, unaopika na unaopunga salamu.

Gurudumu hilo limesimama juu ya ncha mbili zenye unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita. Ncha hizo huzunguka ndani ya matundu ya yakuti, jiwe gumu lisilolika upesi kama shaba. Maandishi ya “17 Jewels” au “21 Jewels” yanayosomeka kwenye uso wa saa ni idadi ya vito hivyo. Asidanganyike mtu akadhani ana utajiri wa johari mkononi: mwaka 1902 Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza njia ya kutengeneza yakuti kwa kuyeyusha unga kwenye mwali wa moto, na tangu hapo vito vya saa vimekuwa vya kiwandani na vya bei ndogo. Thamani yake ni ugumu wake tu, na kwa saa ugumu huo ndio unaohitajika.

Anayetaka kujifunza kazi hii hashauriwi kuanza na saa ya babu. Anza na mashine kubwa ambayo haina mtu wa kuililia. Shule nyingi za ufundi wa saa na wajifunzaji wa nyumbani wameizoea mashine ya Uswisi iitwayo Unitas 6497, iliyoundwa kwa ajili ya saa za mfukoni. Upana wake ni milimita 36.6, ina vito 17, na inapiga mapigo 18,000 kwa saa. Kwa macho ya fundi huo ni uwanja mpana. Viwanda vya China hutengeneza nakala zake, kwa hiyo hata makosa ya mwanzo hayamfilisi mtu, na makosa yatakuwapo.

Kosa la kwanza linajulikana. Fundi asiyejua hufungua skrubu za daraja la kamani kabla ya kuilegeza kamani yenyewe. Nguvu iliyokazwa ndani ya kipipa hutoka kwa mpigo mmoja, meno ya magurudumu yakakatika na ncha zikapinda. Kwa hiyo kabla ya chochote kingine, kamani hulegezwa polepole: kifundo kikishikwa kwa vidole, kizuizi cha kamani kikisukumwa pembeni kwa ncha ya bisibisi, nguvu ikiachiwa kidogo kidogo hadi iishe.

Kosa la pili ni skrubu ya kinyume. Karibu na kipipa kuna gurudumu linalopeleka nguvu ya kifundo kwenye kamani, na katika mashine nyingi skrubu yake hufunguka kwa kuizungusha upande wa kulia. Watengenezaji wengi huitia mifereji mitatu kichwani ili kumwonya fundi. Asiyejua alama hiyo huikaza akidhani anaifungua, mpaka kichwa kinakatika mkononi mwake.

La tatu ni springi zinazoruka. Ndani ya saa mna vispringi vilivyopinda mithili ya kucha iliyokatwa, na kibano kikiteleza kidogo tu, springi huruka ikapotea chumbani kana kwamba haijawahi kuwapo. Wazoefu huingiza mikono na mashine pamoja ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani, wakaitoa springi humo humo. Hila hiyo ni ya kawaida, lakini imeokoa springi nyingi kuliko vifaa vya bei kali.

Kila hatua hupigwa picha, na kila skrubu huwekwa na kipande ilichokuwa imekishika, kwa kuwa skrubu mbili zinazofanana kwa jicho zinaweza kutofautiana kwa urefu. Kisha vipande vyote huogeshwa kwenye dawa ya kusafishia. Matundu ya yakuti husuguliwa kwa njiti ya mti iliyochongwa, ikizungushwa na kuchongwa upya mpaka itoke nyeupe. Fundi akiona njiti inatoka nyeusi hajamaliza.

Mafuta ndiyo yanayowatofautisha mafundi. Tone linalohitajika ni dogo kuliko kichwa cha pini, na huwekwa kwa sindano maalumu kwenye kikombe kidogo kilichochongwa ndani ya kito. Likizidi, hutambaa likatoka tunduni na kuacha ncha ikavu, kwa hiyo saa iliyotiwa mafuta mengi huharibika kama ile iliyokosa. Meno ya magurudumu kwa kawaida hayatiwi mafuta kabisa. Zamani mafuta bora ya saa yalitoka baharini: huko New Bedford, Massachusetts, mji wa wavuvi wa nyangumi, William F. Nye alijipatia jina katika karne ya 19 kwa mafuta yaliyokamuliwa kwenye vichwa na taya za pomboo na nyangumi wadogo, kwa sababu hayakugandishwa haraka na baridi. Leo hutumika mafuta ya maabara yanayokaa miaka kadhaa kabla ya kukauka. Ndiyo maana saa nzuri nayo huhitaji kufunguliwa na kusafishwa kila baada ya miaka michache, hata kama bado inatembea. Saa inayotembea bila mafuta inajisaga yenyewe.

Mwisho kabisa gurudumu la mizani hurudishwa mahali pake. Kama kila kitu kiko sawa, huchukua uhai papo hapo. Kisha uso unafungwa, na akrabu zinapachikwa zote mbili zikielekea juu kabisa kwenye 12, pale ambapo Mswahili anasoma saa sita, ili dakika na saa zisije zikapishana.

Iwapo saa iliyotoka kusafishwa inakimbia dakika kadhaa mbele kila siku, usikimbilie kuifungua tena. Huenda imeshikwa na sumaku. Spika, vifungo vya mikoba na majalada ya simu vimejaa sumaku, na kamani ya unywele ikinasa sumaku mizunguko yake hugandana, ikawa fupi, na mapigo yakaongeza kasi. Kuna kifaa kidogo cha umeme kinachoondoa sumaku hiyo kwa sekunde chache.

Je, mtu asiyesomea ufundi wa saa anaweza kufika mbali kiasi gani? Jibu lililo bora kuliko yote ni Rupert Gould.

Gould alizaliwa Uingereza mwaka 1890 na akawa ofisa wa jeshi la majini. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, akili yake ilizidiwa na akaugua. Hakurudishwa melini; alipewa kazi ya mezani katika idara ya ramani za bahari mjini London. Huko alivutwa na historia ya saa za melini, na mwaka 1920 akaenda kwenye chumba cha kuangalia nyota cha Greenwich kuzitazama saa nne za John Harrison.

Harrison mwenyewe alikuwa seremala. Mwaka 1714 bunge la Uingereza lilitoa ahadi ya zawadi ya hadi pauni 20,000 kwa atakayewawezesha mabaharia kujua wako umbali gani mashariki au magharibi wakiwa katikati ya bahari. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa moja, kwa hiyo baharia mwenye saa ya kuaminika angeweza kulinganisha saa ya bandari aliyotoka na jua lililo juu ya kichwa chake, akapata jibu. Shida ilikuwa kupata saa isiyoyumba kwa mawimbi, joto na chumvi. Harrison aliifanyia kazi shida hiyo maisha yake yote. Saa yake ya kwanza, iitwayo leo H1, ilikuwa na uzito wa kilo 34 hivi. Ya nne, H4, iliyokamilika mwaka 1759, ilikuwa na upana wa sentimita 13, kama saa kubwa ya mfukoni. Ilipopelekwa Jamaica kwa meli kati ya 1761 na 1762, baada ya siku 81 ilikuwa imechelewa sekunde 5 tu.

Gould alizikuta mashine hizo chafu na zenye kutu. H1 ilikuwa imeota kutu ya kijani juu ya shaba yake, na haikuwa imetembea tangu miaka ya 1760. Aliomba ruhusa ya kuzisafisha bila malipo. Mkuu wa Greenwich, Frank Dyson, akamkubalia, ingawa Gould hakuwa na cheti chochote cha ufundi wa saa.

Kazi hiyo ilimchukua miaka kumi na zaidi. H3 peke yake, yenye vipande 753, ilimla miaka saba. Hapakuwa na kitabu cha kumwongoza; ilimbidi aielewe akili ya Harrison kwa kuvitazama vipande, kisha atengeneze vile vilivyopotea. Kila alichofanya alikiandika na kukichora kwa wino wa rangi, hata yakajaa madaftari 18. Mwaka 1923, akiwa bado katikati ya kazi, alichapisha kitabu cha historia ya saa za melini ambacho wanahistoria wa fani hiyo wanakitegemea mpaka sasa. Gharama kwake ilikuwa kubwa. Mwaka 1927 alitengana na mkewe mbele ya mahakama, na ajira yake nayo ikamponyoka. Aliendelea na saa. Tarehe 1 Februari 1933 H1 ilianza kutembea tena, baada ya kunyamaza kwa zaidi ya miaka 160.

Mabingwa walio na vyeti wangeweza kuifanya kazi hiyo kwa miaka yote ile, na hakuna aliyeifanya. Ilimngoja mtu aliyeipenda.

Saa za kawaida nazo zilikaribia kusahauliwa. Tarehe 25 Desemba 1969 kampuni ya Seiko ya Japani iliuza mjini Tokyo saa ya kwanza ya mkono inayoendeshwa na jiwe la kwatzi na betri. Jiwe hilo, katika saa za leo, hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde, na hakuna gurudumu la mizani linaloweza kushindana nalo kwa usahihi. Ndani ya miaka kama 15 sekta ya saa ya Uswisi ilishuka kutoka wafanyakazi 90,000 hivi hadi kiasi cha theluthi moja. Viwanda vilifungwa, na vifaa na vipuri vikauzwa kwa bei ya kutupa. Kwetu, fundi saa aliyekuwa akikaa barazani na kisanduku chake cha kioo aligeuka kuwa mtu wa kubadilisha betri na mikanda, na vijana wengi hawajawahi kumwona akifungua mashine.

Hata hivyo Seiko hiyo hiyo ndiyo iliyoacha hazina kwenye droo zetu. Mwaka 1963 ilizindua Seiko 5, saa inayojijaza kwa mwendo wa mkono, yenye siku na tarehe kwenye dirisha moja, iliyokusudiwa mtu wa kawaida. Siri yake ni mkono mdogo wenye makucha mawili ambao kampuni ilianza kuutumia mwaka 1959: mkono wa mvaaji ukienda kulia ukucha mmoja unavuta gurudumu, ukienda kushoto mwingine unasukuma, hivyo hakuna mwendo unaopotea. Mashine yake ina vipande vichache, ni imara, na vipuri vyake vinapatikana. Kwa anayehitimu kutoka kwenye Unitas, hakuna mwalimu bora wa hatua ya pili.

Lakini kufufua mashine ni jambo moja na kufanya saa ionekane mpya ni jambo jingine kabisa. Soko limejaa Seiko 5 za zamani ambazo nyuso zake zimepakwa rangi mpya ya kung'aa, herufi zimechapwa vibaya, na makasha yamesuguliwa hadi kingo zake zikalainika kama sabuni iliyotumika. Saa hizo zimeibiwa historia yake. Uso uliogeuka rangi ya chai, mkwaruzo uliopatikana kazini, majina yaliyochorwa mgongoni: hayo ni ya kuachwa. Safisha mashine, badilisha kilichokatika, na usimame hapo.

Ipo sababu nyingine ya kutougusa uso, nayo ni ya uhai. Saa nyingi zilizotengenezwa kabla ya miaka ya 1960, hasa za kijeshi, zilipakwa rangi yenye radiamu ili ziangaze gizani. Wasichana waliopaka rangi hiyo katika kiwanda cha Orange, New Jersey, walifundishwa kuchongoa brashi kwa midomo yao. Wengi waliugua taya na mifupa, na baadhi walikufa. Mwaka 1928 kesi ya wanawake watano ilimalizika kwa kulipwa fidia. Saa kama hiyo leo huenda haiangazi tena, na hapo ndipo mtu hudanganyika. Kilichokufa ni unga unaotoa mwanga, lakini radiamu yenyewe huchukua kiasi cha miaka 1,600 kupungua kwa nusu. Usiikwangue rangi hiyo, usiipulize, usiifungue saa hiyo juu ya meza ya chakula. Mpelekee fundi anayejua hatari yake, au iache imefungwa.

Wahifadhi wa Greenwich nao hupima kwa namna hiyo hiyo kipi kiguswe na kipi kiachwe. H1, H2 na H3, ambazo Harrison aliziunda zisihitaji mafuta, zinatembea mbele ya wageni hadi leo. H4 inahitaji mafuta, na kila pigo lingekula chuma kisichoweza kurudishwa. Inaonyeshwa ikiwa imesimama, ingawa ina uwezo wa kutembea.